Karani Aliyelemewa: Jinsi Ombi Moja Lilivyoweza Kuisimamisha Seva

Kompyuta inaweza kushindwa kuwahudumia watu hali haina kasoro yoyote inayoonekana. Umeme upo, nyaya hazikukatika, hakuna mwizi aliyeiba neno la siri, wala hapana kumbukumbu iliyofutwa. Mashine inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Na kwa sababu hiyo hasa haina nafasi ya kumsikiliza mtu mwingine.

Hali ya namna hii ilidhihirishwa hadharani tarehe 28 Desemba 2011 mjini Berlin, Ujerumani, katika mkutano wa kila mwaka wa chama cha Chaos Computer Club. Wataalamu wawili, Alexander Klink na Julian Wälde, walieleza kwamba programu nyingi zilizokuwa zikiendesha tovuti duniani zilikuwa na udhaifu wa aina moja. Kampuni ya Microsoft, ambayo programu yake ya ASP.NET ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa, ilikiri siku hizo hizo kwamba ombi moja lililotungwa kwa hila, lenye ukubwa wa kilobaiti 100 hivi, lingeweza kukishughulisha kiini kimoja cha prosesa kwa muda wa sekunde 90 hadi 110 bila ya kukiachia nafasi ya kazi nyingine. Kilobaiti 100 ni maandishi yanayotosha kurasa hamsini hivi tu.

Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, na kwa nini liliwezekana ingawa dawa yake ilikuwa imekwisha kuandikwa zaidi ya miaka thelathini kabla yake.

SEVA NA KUNYIMWA HUDUMA

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kungoja maombi na kuyajibu. Mwanafunzi atazamapo matokeo ya mtihani katika mtandao, au mwalimu ajazapo fomu ya kuomba nafasi ya masomo, ombi lake husafiri mpaka kwenye seva, hushughulikiwa huko, na jibu hurudi. Seva moja huwahudumia watu wengi kwa zamu fupi mno, hata kila mmoja akadhani kwamba yuko peke yake.

Shambulio la kunyima huduma ni tendo la makusudi la kuizuia seva isiwajibu watu wake halali. Aghalabu hufanywa kwa wingi: maelfu ya kompyuta hutuma maombi kwa pamoja, mfano wa umati uliolipwa kusimama mlangoni pa duka ili wanunuzi wasipate pa kupita. Udhaifu uliotangazwa Berlin haukuhitaji umati. Ulihitaji mteja mmoja tu, aliyeingia dukani kwa adabu na kuuliza swali ambalo muuzaji hakuweza kulimaliza.

MASJALA YENYE VISANDUKU MIA

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kuanza na masjala ya shule. Shule ina wanafunzi 1,000, na kila mwanafunzi ana jalada lake. Majalada yakirundikwa pamoja bila ya mpango, karani anayetafuta jalada moja atalazimika kutazama 500 hivi kwa wastani kabla ya kulipata. Karani mwenye busara atatengeneza visanduku 100 ukutani, vyenye namba kuanzia 00 hadi 99, na kuliweka kila jalada katika kisanduku kinacholingana na tarakimu mbili za mwisho za namba ya mwanafunzi. Jalada la mwanafunzi wa 3472 litakwenda kisanduku cha 72. Kila kisanduku kitakuwa na majalada 10 hivi, na kazi ya kutafuta itapungua kutoka majalada 500 hadi matano au sita.

Karani huyo ana kazi nyingine pia. Kabla ya kuliingiza jalada jipya, hana budi kuhakikisha kwamba hakuna jingine lenye namba ile ile. Kwa hiyo hulilinganisha na kila jalada lililokwisha kuwamo katika kisanduku hicho. Maadamu visanduku vimejaa sawasawa, kazi hiyo ni ndogo.

Wazo hili lilipendekezwa kwa ajili ya kompyuta mnamo Januari 1953 na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani. Siku hizi huitwa jedwali la hashi. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kukatakata na kuchanganya, kama afanyavyo mpishi. Kwani jina la kitu hukatwakatwa na kuchanganywa kwa hesabu mpaka ipatikane namba moja. Namba hiyo ndiyo hashi ya jina, na ndiyo inayoonyesha kisanduku.

Jedwali la hashi limeenea katika karibu kila lugha ya kuandikia programu. Fomu ya mtandao inapofika kwenye seva, huwa na nafasi nyingi, na kila nafasi ina jina na jibu lake: jina la mtu, umri, anwani, na kadhalika. Programu za seva zilizozungumzwa mwaka 2011 zilikuwa na desturi ya kuyaingiza majina hayo yote katika jedwali la hashi mara tu fomu ilipopokewa, kabla ya mwenye tovuti kuulizwa kama anayahitaji. Kwa sababu hiyo, hata mtu aliyeandika tovuti yake kwa uangalifu mkubwa alikuwamo hatarini.

MANENO MAWILI, NAMBA MOJA

Lugha ya Java yatoa mfano ambao mwanafunzi aweza kuuhakikisha kwa kalamu na karatasi. Katika kompyuta kila herufi ina namba yake: A ni 65, B ni 66, na a ndogo ni 97. Kanuni ya Java ya kupata hashi ya neno ni hii: anza na sifuri, kwa kila herufi, zidisha namba uliyo nayo kwa 31, kisha ongeza namba ya herufi hiyo.

Hashi ya neno Aa ni 65 × 31 + 97, yaani 2,112.
Hashi ya neno BB ni 66 × 31 + 66, yaani 2,112.

Maneno mawili tofauti yamepata hashi moja. Tukio hilo huitwa mgongano, na sababu yake si fumbo. Kutoka A hadi B katika nafasi ya kwanza huongeza 31; kutoka a hadi B katika nafasi ya pili hupunguza 31. Kilichoongezwa kimeondolewa.

Mgongano peke yake si ajabu wala si kosa. Maneno hayana mwisho, ilhali visanduku vina idadi. Hapana budi baadhi ya maneno yakutane. Hatari inatokana na wepesi wa kuizalisha migongano. Kwa kuwa Aa na BB zina hashi moja na urefu mmoja, moja yaweza kuwekwa mahali pa nyingine popote ndani ya neno refu pasipo kuibadilisha hashi. Kwa hiyo AaAa, AaBB, BBAa na BBBB zote zina hashi moja. Jozi mbili hutoa maneno 4, jozi tatu hutoa 8, na jozi 14 hutoa maneno 16,384, kila moja likiwa na herufi 28.

Sasa na ifikiriwe fomu yenye nafasi 16,384 ambazo majina yake ni maneno hayo. Pamoja na alama za kuyatenganisha, fomu nzima ina herufi 491,520, yaani chini ya nusu ya megabaiti. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya mkononi yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini majina yote yataingia kisanduku kimoja. Jina la pili litalinganishwa na moja, la tatu na mawili, la nne na matatu, na kuendelea hivyo hadi la mwisho, ambalo litalinganishwa na 16,383. Jumla ya ulinganishaji ni 16,384 × 16,383 ÷ 2, yaani 134,209,536. Majina hayo yangalitawanyika vizuri, kazi isingalizidi sana idadi ya majina yenyewe.

Msomaji aangalie pia jinsi kazi hiyo inavyokua. Idadi ya majina ikizidishwa kwa mbili, ulinganishaji huzidishwa kwa nne hivi. Majina yakizidishwa kwa kumi, ulinganishaji huzidishwa kwa mia. Mshambulizi hulipa gharama ya kwanza, na seva hulipa ya pili. Ombi moja likimalizika, jingine laweza kufuata.

WASTANI SI AHADI

Waandishi wa programu hizo hawakuwa wajinga. Vitabu vya fani yao vilikuwa vimeeleza tangu zamani kwamba jedwali la hashi ni jepesi kwa wastani na zito katika hali iliyo mbaya kabisa. Ila hali hiyo mbaya ilihesabiwa kuwa nadra mno, kiasi cha kutostahili kuzuiwa.

Fikira hiyo ni sahihi pale ambapo data huja kwa nasibu. Dadu ikirushwa mara 10, nafasi ya kupata sita mara zote kumi ni moja tu katika 60,466,176, na mtu aweza kulala usingizi bila ya kuiogopa. Lakini hesabu hiyo haina maana yoyote iwapo mchezaji ameruhusiwa kuiweka dadu mezani kwa mkono wake. Seva iliyo katika mtandao hupokea fomu kutoka kwa yeyote, na mwenye kutuma ndiye achaguaye majina yaliyomo. Kanuni ya hashi inajulikana na kila mtu. Ile ya Java imeandikwa wazi katika maelezo rasmi ya lugha hiyo, na haijabadilishwa hata leo. Kwa hiyo jambo ambalo kwa nasibu lisingetokea katika umri wa mwanadamu, kwa makusudi hutokea mara ya kwanza.

Hapa ndipo palipo na kiini cha suala lote. Wastani ni maelezo ya mambo yanayotokea pasipo nia. Haufai kuwa kinga dhidi ya mwenye nia.

MAONYO YALIYOTANGULIA

Mwaka 1977, J. Lawrence Carter na Mark Wegman, watafiti wa IBM, waliueleza mkutano wa wanasayansi utaratibu tofauti, na makala yao kamili ikachapishwa mwaka 1979. Walipendekeza kwamba kompyuta isiwe na kanuni moja ya hashi bali jamii kubwa ya kanuni, na kila programu inapoanza kazi ichague mojawapo kwa kura. Walithibitisha kwa hisabati kwamba, kwa utaratibu huo, majina yoyote mawili yana nafasi ndogo ya kugongana, hata kama yamechaguliwa na mtu mwenye nia mbaya, maadamu ameyachagua kabla ya kura kupigwa na haijui kura hiyo.

Mwaka 2003, Scott Crosby na Dan Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, walionyesha kwamba hatari ni ya kweli. Waliijaribu programu iitwayo Bro, ambayo kazi yake ilikuwa kukagua data ipitayo mtandaoni ili kuwagundua wavamizi. Kwa kuitumia mkondo wa data mwembamba kuliko ule wa modemu ya kawaida ya simu, waliifanya katika dakika sita ishindwe kukagua hadi asilimia 71 ya data iliyoipitia. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyelemewa. Crosby na Wallach walieleza pia kwamba lugha ya Perl ilikuwa na udhaifu huo, wakawashauri waandishi wa programu wazirudie kanuni za Carter na Wegman.

Watunzaji wa Perl waliusikia ushauri huo, na katika mwaka huo huo wa 2003 walitoa toleo lililotia nasibu katika hashi zake. Wengine wengi hawakufanya hivyo. Miaka minane ikapita. Klink na Wälde waliposimama Berlin, orodha yao ilikuwa na PHP, Java, Python, ASP.NET, na baadhi ya matoleo ya Ruby. Yaani sehemu kubwa ya programu zilizozibeba tovuti za dunia. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa ulikuwa umeonyeshwa kwa kidole, na udongo wa kuuzibia ulikuwapo.

Si vigumu kuitambua sababu ya uzembe huo. Kanuni za zamani zilikuwa fupi na za haraka, na kila siku isiyo na shambulio ilionekana kuwa ushahidi wa usalama. Aidha, jambo lililochapishwa katika majarida ya wanahisabati halikuwafikia wajenzi wa seva, au liliwafikia likiwa na sura ya nadharia. Elimu iliyokaa rafuni haizibi ufa.

TIBA TATU

Baada ya mkutano wa Berlin marekebisho yalikuja upesi. Microsoft ilitoa yake tarehe 29 Desemba 2011, siku moja tu baada ya hotuba, nje ya ratiba yake ya kawaida. Tiba zilizotumika ziligawanyika katika aina tatu.

Ya kwanza ni kuweka kikomo. Katika Januari 2012, PHP ilianza kuziacha nafasi za fomu zinazozidi 1,000, isipokuwa mwenye seva ameamua vinginevyo. Kwa kikomo hicho ulinganishaji hauzidi 1,000 × 999 ÷ 2, yaani 499,500, badala ya milioni 134 za mfano wetu. Tiba hii ni rahisi, lakini hulinda mlango mmoja tu. Data iingiayo kwa njia nyingine haiguswi na kikomo cha fomu.

Ya pili ni ile ya Carter na Wegman: kutia siri ndani ya hesabu. Python ilifanya hivyo, na kuanzia toleo la 3.3 la mwaka 2012 siri hiyo ikawa desturi badala ya hiari. Hata hivyo ilionekana kwamba si kila siri hufaa. Katika mwaka huo huo Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walionyesha kwamba baadhi ya kanuni zilizokuwa na siri bado ziliweza kuzalishiwa migongano na mtu asiyeijua siri yenyewe, kwani siri ilichanganywa juu juu tu. Walitunga kanuni mpya, SipHash, yenye siri ya biti 128 na iliyo nyepesi kiasi cha kufaa kwa maneno mafupi. Python iliipokea katika toleo la 3.4 mwaka 2014, na lugha ya Rust nayo huitumia katika majedwali yake ya kawaida.

Ya tatu ni kukipanga kisanduku chenyewe. Katika toleo la 8 la mwaka 2014, Java iliacha kanuni yake ya hashi kama ilivyokuwa, lakini kisanduku kikianza kujaa kupita kiasi, vilivyomo hupangwa kwa mfano wa mti wenye matawi mawili mawili. Anayetafuta huuliza kila anapofika kwenye tawi, "Mbele au nyuma kwa mpango wa alfabeti?" na kuacha upande mmoja. Kwa majina 16,384, hatua za kutafuta jina moja hazizidi 30, hata yote yakiwa kisandukuni mamoja. Hapa migongano haikuzuiwa, imenyang'anywa nguvu.

JARIBIO LA DARASANI

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila ya kompyuta. Zinahitajika kadi 50 na visanduku 11, vyenye namba 0 hadi 10. Katika kila duru, kabla ya kuiweka kadi, mwanafunzi mmoja ailinganishe na kila kadi iliyomo kisandukuni, na mwingine ahesabu idadi ya ulinganishaji.

Duru ya kwanza: kadi ziandikwe namba 50 tofauti zilizopatikana kwa kura kati ya 000 na 999. Kila namba igawanywe kwa 11, na baki ndiyo iwe namba ya kisanduku. Ulinganishaji utakuwa 111 hivi.

Duru ya pili: mwanafunzi mmoja aruhusiwe kuchagua namba zote 50. Kwa kuwa anaijua kanuni, atachagua zinazogawanyika kwa 11 pasipo baki: 000, 011, 022, na kuendelea. Ulinganishaji utakuwa 1,225 kamili.

Duru ya tatu: kadi za duru ya pili zibaki kama zilivyo, lakini mwalimu apige kura kwa siri na kupata namba tatu kati ya 0 na 10. Tarakimu ya kwanza ya kadi izidishwe kwa namba ya kwanza ya siri, ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu. Majibu yajumlishwe, na jumla igawanywe kwa 11 ili kupata baki. Jaribio likirudiwa kwa kura mpya mara nyingi, wastani utarudi kwenye 111 hivi, ingawa kadi ni zile zile zilizochaguliwa kwa hila.

Mwalimu awaulize wanafunzi wake duru ya kwanza na ya tatu zina tofauti gani, maadamu hesabu zake zinafanana. Katika ya kwanza, usalama wa karani uliutegemea wema wa mgeni. Katika ya tatu, unaitegemea kura iliyopigwa ndani ya nyumba, ambayo mgeni hakuiona.